Tupeane uzoefu: kitabu cha kiroho unakichagua kwa vigezo gani kabla hujatoa hela?

MtunzaKabati (Uyole, Mbeya)

Wakuu habari zenu, wa nyanda za juu kusini mpo? Usharika wetu umetenga hela kidogo ya vitabu, kabati fundi ameshalileta, mbao safi kabisa za Mafinga, sasa kabati lipo ila ndani kuna kumbukumbu za vikao tu na buibui. Kamati imekaa na kila mtu ana lake. Mwenyekiti anataka vya uongozi wa kanisa, vijana wanataka vya uchumba, kinamama wanataka vya maombi, mwinjilisti anasema bila komentari, vile vitabu vya kufafanua Biblia mstari kwa mstari, yeye hahusiki. Kazi ya kuleta orodha nimetupiwa mimi. Msinitajie majina ya vitabu tu halafu mkapita, nataka mtu aseme akiwa amesimama dukani au kwenye meza ya mchuuzi anaangalia nini mpaka anasema hiki nachukua hiki naacha. Hela yenyewe ni ya mavuno, watu wametoa mahindi na kuku, nikileta uchafu nitasemwa mpaka Pasaka ijayo.

Mchuuzi wa Mwanjelwa

Kaka umefika kwangu. Mimi nauza, kwahiyo nitakwambia kitu ambacho wenzangu hawatapenda. Usianze na kava, fungua ukurasa wa pili ule wenye maandishi madogo ambao watu wanauruka. Kitabu kilichopita kwa mchapishaji anayejulikana kina jina lake, mji, mwaka na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Ikianza 978 halafu 9976 au 9987 hiyo ni ya Tanzania, 9966 ni Kenya. Sasa namba haimaanishi kitabu ni kizuri, anayeiomba anapewa, ila angalau kuna mtu amekubali kusimama nyuma ya kitabu na unajua pa kumtafuta. Vingi vinavyokuja mezani kwetu havina hata mwaka, vimegongwa steshenari, picha ya mtumishi ni kubwa kuliko jina la kitabu na namba ya kutuma sadaka ipo kurasa tatu tofauti. Vinauzika hivyo usiniulize! Vya kuvunja maagano ya ukoo nikileta bandali Ijumaa mpaka Jumapili jioni zimeisha.

Jingine, kwa kabati la usharika angalia kilivyobaindiwa. Kifungue katikati utafute uzi. Kilichoshonwa kinadumu, cha gundi tupu kikipita kwa vijana wa kipaimara kidogo tu kurasa zinaanza kudondoka moja moja, afu baridi ya huku mwezi wa sita kila mtu anasomea jikoni karibu na moto, gundi inakauka inapasuka.

Bibi wa Tukuyu

Ndaga mwanangu kwa swali zuri. Mimi siyo msomi, nimesoma miwani inaniruhusu. Kwangu kitabu cha kiroho kizuri ni kile unachoweza kukisoma kidogo kidogo na usichoke nacho. Sisi Wamoraviani tuna kile cha neno la kila siku, kimetoka kwa wenzetu wa Herrnhut kule Ujerumani, wanakichapa tangu 1731. Mnajua andiko la Agano la Kale la kila siku linapatikanaje? Kwa kura. Wanachota kwenye chombo, likitoka ndilo hilohilo, halafu la Agano Jipya ndo linatafutwa la kwenda nalo. Mimi hapo ndipo panaponifurahisha, maana hakuna mtu aliyekaa akakuchagulia andiko la kukusema wewe na jirani yako. Kwenye kabati lenu wekeni hicho kwanza, hivyo vya maarifa mengi vifuate.

Jasho la Kihesa (Iringa)

Kamwene wadau. Nasoma theolojia hapa Iringa mwaka wa mwisho, acha niseme kuhusu komentari maana mwinjilisti wako ana hoja ila anaweza kukuingiza hasara.

Mwalimu wetu mmoja alitufundisha njia ambayo mpaka leo naitumia. Usisome dibaji, dibaji zote zinajisifu. Chukua andiko moja gumu unalolijua, mfano Waebrania 6 mstari wa 4 mpaka wa 6, wale walioangazwa kisha wakaanguka, fungua komentari palepale dukani. Mwandishi akiruka au akipita na sentensi mbili tamu, mrudishe kwenye shelfu. Akikwambia wengine wanaelewa hivi kwa sababu hizi, wengine vile kwa sababu zile, mimi nasimama hapa kwa sababu hii, huyo mnunue hata kama wewe na yeye hamkubaliani, maana anakupa na silaha za kumpinga.

Pili, hizi za bure. Simu za wainjilisti zimejaa komentari ya Matthew Henry, na ile konkodansi (orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalipo) ya Strong yenye namba za Kiebrania na Kiyunani. Zipo bure kwasababu ni za zamani sana hakimiliki imeshakufa, Matthew Henry ameandika mwanzoni mwa miaka ya 1700, Strong ni 1890. Magombo ya Qumran, zile nakala za kale sana za Agano la Kale, yamegunduliwa kuanzia 1947. Kwahiyo hao wote wameandika kabla hata hayajaonekana. Kwa mahubiri na kujijenga Matthew Henry ni mtamu kweli, kuna siku namsoma nasahau ugali jikoni, ila ukimweka kwenye tasnifu kama ndiyo neno la mwisho msimamizi atakurudishia. Na Strong watu wanaionea. Ile orodha inakuonyesha neno limetafsiriwaje sehemu zote kwenye Biblia moja ya Kiingereza, sasa mtu anabeba maana zote anazimwaga kwenye mstari mmoja, anasema "kwa Kiyunani hapa inamaanisha…" na kanisa zima amina.

Kama hela inatosha kitabu kimoja tu cha Kiingereza, mimi ningechukua ile Africa Bible Commentary ya 2006, mhariri ni Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, wameandika Waafrika 70, Biblia yote kwenye juzuu moja. Katikati kuna makala za uchawi, mizimu, ukimwi, mambo ambayo komentari ya Ulaya haina habari nayo na sisi ndo tunaulizwa kila msiba. Tatizo ni lugha, wazee wengi wa kanisa Kiingereza hicho kitawashinda, na kitabu kisichosomwa ni pambo la kabati.

KatekistaTosa

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia upande wa Katoliki maana naona kabati lenu linaweza kuwa na wageni. Kwetu kuna maneno mawili ya Kilatini ukurasa wa mwanzo, Nihil obstat ni mkaguzi anasema hajaona kitu kinachopinga imani, na Imprimatur ni askofu anaruhusu kichapwe. Watu wanafikiri hiyo ni medali. Siyo. Askofu hajasema kitabu kimeandikwa vizuri wala kwamba anakubali kila kitu ndani, kwahiyo nikishaiona bado nasoma mlango mmoja nikiwa nimesimama. Ila kwenye vijitabu vya maono na ufunuo, mara Bikira kasema hivi mara siku tatu za giza zinakuja, hapo isipokuwepo sinunui na wala sikigawi jumuiyani. Nimeona kigango kizima kinanunua mishumaa.

Mimi vilivyonisaidia kazi ni vya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, Kiswahili chao cha zamani kidogo lakini kimenyooka, na vya masista wa Paulines kutoka Nairobi. Hati za Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Vatikano, ule wa 1962 mpaka 1965, nazo watu wanaziogopa bure tu. Nilisoma na wanajumuiya ile ya Liturujia kwa mwaka mzima, aya mbili tatu kila wiki, na mama mmoja asiyejua kuandika ndiye aliyekuwa anauliza maswali magumu kuliko wote.

Mpendwa Makambako

Bwana Yesu asifiwe. Naona mnavicheka vijitabu vidogo. Mimi nilikuwa siongei na wifi yangu tangu msiba wa baba mkwe, mambo ya shamba hayo mnayajua. Siku hiyo nipo stendi hapa Makambako nasubiri gari ya Songea limechelewa, kijana akapitisha vijitabu, nikachukua kimoja cha msamaha bei ya soda, hakina mchapishaji hakina mwaka hakina hiyo ISBN, kimejaa makosa ya tahajia. Nimekimaliza kabla gari halijaja. Jioni nikampigia wifi. Sasa niambieni ningefungua ukurasa wa pili ningekinunua?

Jasho la Kihesa

Dada mkubwa hapo umenikamata 😅 lakini hebu tuambie kilikuwa na nini ambacho vingine havina, maana na wewe umeshavipita vingi hapo stendi.

Mpendwa Makambako

Mwandishi hakujitaja hata mara moja kwamba yeye ana upako. Alikuwa anasema fanya hivi wewe, na kila alichosema aliweka andiko na nikifungua Biblia nalikuta kweli lipo na linasema hivyo. Na hakuniambia ninunue sehemu ya pili. Vile vinavyokuacha njiani ili ununue cha pili mimi siku hizi sivigusi.

Mstaafu Rungwe

Nimesoma yote, vijana mnaandika vizuri. Sijaona mtu aliyegusa historia ya kanisa letu wenyewe na hapo ndipo kabati nyingi za sharika ni tupu. Mtu anaijua safari ya Paulo mji kwa mji ila muulize Injili ilifikaje hapa Rungwe anakwambia "walileta wazungu".

Wamoraviani waliingia Rungwe 1891, na Waberlini, yaani wamisionari wa misheni ya Berlin, ambao ndio mizizi ya Walutheri wa Konde, Ukinga, Ubena huko, waliingia mwaka huohuo. Kuna kitabu cha Marcia Wright cha 1971 kuhusu misheni za Kijerumani huku kwetu, kinaanzia 1891 mpaka 1941, Walutheri na Wamoraviani wa nyanda za juu kusini. Ni cha Kiingereza na dukani hukikuti, mimi nilikisomea kwenye maktaba ya chuo, nikawa nakwenda na daftari. Uzuri wake ni kwamba amechimba kumbukumbu za misheni na za serikali akazigonganisha, maana misheni ikijiandika yenyewe kila kitu ni ushindi. Kwa waliotaka kujua wazee wetu waliabudu nini kabla, kuna Monica Wilson, mtoto wa wamisionari wa Afrika Kusini, yeye na mumewe walikaa Unyakyusa miaka ya thelathini, kitabu chake cha matambiko ya jamii kilitoka 1959. Mchungaji mmoja alinikataza nisikisome eti ni cha upagani. Nilikisoma na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwanini baba yangu alikuwa anakaa kimya namna ile kwenye mazishi. Lakini naye Wilson msimkubalie kila kitu, ni mgeni aliyeandika alichoambiwa na waliokubali kumwambia.

Kipimo changu ni hiki. Kitabu chochote cha historia ya kanisa nakigeuza nyuma kwenye faharasa nitafute mahali ninapopajua kwa miguu, Rutenganio, Kyimbila, Mwaya. Halafu natafuta majina ya wenyeji. Kikiwa na wamisionari kumi na tano kwa majina kamili na "wasaidizi wenyeji" bila jina hata moja, najua kimeandikwa kutoka barazani. Nani alitafsiri mahubiri? Nani alibeba mizigo kutoka ziwani? Hao walikuwa na majina na wajukuu zao tunakaa nao benchi moja.

Ila kuna vitabu ambavyo havifaulu kipimo chochote mlichotaja na bado nasema kusanyeni, navyo ni vile vya yubilei. Nakala chache, picha za viongozi kibao, karatasi mbaya. Ndani yake unakuta orodha ya wainjilisti wa kwanza wa mtaa, mwaka kanisa lilipoezekwa bati, nani alitoa kiwanja, vitu ambavyo Oxford hawana. Sisi 1991 tulitimiza miaka mia na vilivyoandikwa wakati ule vingi vimeishia kufungia maandazi. MtunzaKabati pita kwenye nyumba za wazee kabla hawajafa, omba, kama hawatoi piga fotokopi urudishe siku hiyohiyo.

MtunzaKabati

Mzee wangu shikamoo, hapa umenibadilishia orodha nzima, kwenye bajeti naongeza hela ya fotokopi. Jasho la Kihesa swali, kwa Kiswahili wazee waanze na nini kama komentari ni Kiingereza?

Jasho la Kihesa

Itifaki ya Biblia (ndiyo konkodansi kwa Kiswahili) na kamusi ya Biblia, hizo mbili zinamtosha mzee wa kanisa kuandaa somo. Angalia tu zimefuata Biblia ipi. Wengi wetu tunasoma Union Version ile ya 1952, sasa itifaki ikiwa imejengwa juu yake halafu msomaji ana ile tafsiri ya Habari Njema atatafuta neno mpaka alale, maneno ni mengine. Na Katekisimu Ndogo ya Luther, ya 1529 hiyo lakini bado fupi na kali, wengi waliikariri wakati wa kipaimara na hawajaifungua tena.

Bibi wa Tukuyu

Na vya watoto? Mmeongea weee, watoto hakuna aliyewataja.

Mchuuzi wa Mwanjelwa

Bibi vya watoto vipo, vya picha, nitachambua nitoe vile ambavyo Yesu na wanafunzi wote wana nywele za njano. MtunzaKabati njoo Jumanne asubuhi, Jumatatu nipo mnadani, uje na huyo mwinjilisti wako na ile Waebrania 6 mfungulie hapahapa mezani.