Tupeane uzoefu: "mbele" ya Mchina iko nyuma? Nani kishaumizwa na tarehe za Kichina

MzigoUkoNjiani

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu, hasa nyie mliokaa China au mnaosoma Kichina au mnaopiga kazi na Wachina, hivi mlizoeaje haya mambo yao ya mbele na nyuma, juu na chini, wakiwa wanaongelea siku? Maana mimi yalinitoa hela.

Nianze mwenyewe. Nilikuwa Guangzhou, mitaa ya Xiaobei kule tunakofikia wengi, mzigo wa mapazia na mashuka nimeshalipia nasubiri tu uingie kwenye kontena. Dada wa pale godauni akaniambia habari ya kulodi, "tiqian liang tian". Kichina changu cha kuokoteza, najua qian ni mbele na liang tian ni siku mbili, basi nikajijibu mwenyewe kwamba imesogezwa mbele siku mbili, kama sisi tunavyosema harusi imesogezwa mbele, yaani imeahirishwa. Nikaona nina siku mbili za bure, nikaenda zangu Foshan kuangalia vigae, nikalala huko huko. Narudi nakuta kontena limeshafungwa limeondoka, na marobota yangu kumi na moja yamepangwa ukutani yananiangalia. Kumbe tiqian maana yake imefanywa mapema! Mchina akivuta jambo "mbele" analileta karibu na leo, sisi tukilisogeza mbele tunalisukumia huko kusikojulikana. Nikasubiri kontena jingine na storeji nikalipa juu. Na yule dada wala hakukosea, alisema vizuri tu.

Haya leteni zenu.

BintiKitenge

Marobota yanakuangalia 😂😂 pole mwaya.

Mimi yangu ilikuwa Yiwu, nimeagiza mikoba. Neno hou nililijua vizuri sana kwa sababu kila nikiuliza choo naambiwa houmian, huko nyuma. Siku hiyo nauliza mikoba vipi, baba mwenye duka anasema "houtian". Hou nyuma, tian siku, siku ya nyuma, nikaelewa kwamba mikoba ilishakamilika siku zilizopita na huyu mtu kakaa kimya. Aisee nilimwakia! Mbele ya wateja wake, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. Yule baba katulia, kachukua kalenda ya mezani, kaweka kidole juu ya leo, karuka moja, kagonga inayofuata mara mbili. Keshokutwa. Houtian ni keshokutwa. Na qiantian, "siku ya mbele", ndiyo juzi.

Nikanyamaza, nikanunua na vipochi nisivyovihitaji kwa aibu.

Ila kuna kitu kilinifurahisha, wana dahoutian, ile hou kubwa, siku moja baada ya keshokutwa. Niliporudi nikamsimulia bibi yangu Tanga akacheka akasema hiyo si mtondo, nyie vijana mtondo na mtondogoo mmetupa Wachina wamehifadhi yao.

Kaka_Fundi

Mtondogoo ndo nini tena

BintiKitenge

Ndo siku baada ya mtondo. Muulize bibi yako.

MkalimaniWaSaiti

Salamu kutoka Kenya. Mimi nimekuwa mkalimani kwa saiti za ujenzi, Kichina nilisomea Nairobi, pale chuo kikuu ambapo Taasisi ya Confucius, ile ya China ya kufundisha Kichina, ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika. Kwa hivyo ya mbele na nyuma niliyajua mapema, mwalimu alitupiga nayo kila siku. Kilichoniangusha mimi ni namba.

Wachina siku zao wanahesabu kuanzia Jumatatu. Xingqi yi, wiki moja, ni Jumatatu, xingqi er ni Jumanne, xingqi san ni Jumatano. Sasa sisi hesabu yetu inaanzia Jumamosi, ndio maana tatu inaangukia Jumatatu. Halafu saa: san dian ni tatu ya saa yao, ambayo kwetu ni saa tisa, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza nao wanaanzia katikati ya usiku. Bosi akaniambia jioni, kelele ya mashine imejaa kila mahali, waambie vijana wapya waje xingqi san, san dian, wapewe vifaa. Kichwa changu kimechoka, nikasikia san nikatoa tatu, nikasikia san tena nikatoa tatu tena. "Jumatatu saa tatu, msichelewe."

Vijana kumi na wawili wakakaa kwa geti Jumatatu asubuhi. Bosi anauliza hawa wametoka wapi. Unaona vile wamewahi siku mbili na saa sita kwa neno moja tu? Tangu siku hiyo huwa naandika kwa karatasi, sitoi kwa mdomo.

MzigoUkoNjiani

Mkuu hii ya tatu tatu ni kiboko, hata mwenye Kichina kizuri inamkata.

HosteliNamba6

Tuliosoma Wuhan tupo. Kwenye lugha ya kila siku pale ukiacha mbele na nyuma kuna na juu na chini. Mwezi uliopita ni shang ge yue, mwezi wa juu. Mwezi ujao xia ge yue, mwezi wa chini. Wiki iliyopita ya juu, ijayo ya chini, asubuhi shangwu na mchana xiawu, juu ya adhuhuri na chini ya adhuhuri. Mwanzoni nilikuwa nachanganya kila siku kwa sababu kichwani kwangu kitu kijacho ni kama kinapanda, sijui kwa nini.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Cha kwanza ile kalenda ya ukutani ya kuchana, hosteli ilikuwepo moja kwa mlinzi, kila asubuhi yule mzee anachana karatasi ya juu anaifunga nayo karanga, na siku mpya inatokea kwa chini yake. Ya juu imepita, ya chini inakuja. Cha pili simu yenyewe. Fungua WeChat, meseji za zamani ziko juu, mpya zinaingia chini. Ukitaka ugomvi wa mwaka jana unaskroli juu. Na kumbuka maandishi yao ya kale yalikuwa yanashuka, unasoma toka juu kwenda chini halafu unahamia mstari wa kushoto, gazeti la People's Daily lenyewe lilikuja kulazwa kama yetu tarehe 1 Januari 1956. Sisemi kwamba ndiyo sababu, nasema mimi ndivyo nilivyokariri na haijanitupa.

Kingine, hawa jamaa muda na mahali wanavipanga namna moja, kikubwa kwanza. Tarehe ni mwaka, mwezi, siku. Anwani ni mkoa, jiji, wilaya, barabara, jengo, chumba. Nilipokuwa naandika anwani ya kifurushi naanza na jina langu na namba ya chumba kama nilivyozoea nyumbani, yule kijana wa vifurushi ananigeuzia fomu, anza mbali njoo karibu.

Halafu kuna hii, mwalimu alituandikia ubaoni sentensi mbili maneno yale yale. Ta zai zhuozi shang tiao: yuko juu ya meza anaruka ruka. Ta tiao zai zhuozi shang: karuka na katua juu ya meza. Hakuna neno limeongezwa! Mahali pakitajwa kwanza, maana yake alikuwepo pale kwanza, pakitajwa mwisho, alifika pale mwisho. Sentensi inatembea kama tukio lilivyotembea. Mtaalamu mmoja James Tai aliliandikia hili mwaka 1985 kwamba mpangilio wa maneno ya Kichina mara nyingi unafuata mpangilio wa matukio. Kwa hiyo kusema nimefika Guangzhou kwa treni nikitokea Wuhan, unaanza kutoka Wuhan, unapanda treni, ndo unafika Guangzhou. Ukianza kwa kufika wanakushangaa umefikaje kabla hujapanda.

SinaUhakika_Sana

Nilisoma mahali kwamba kwa ajili ya hiyo juu na chini Mchina anaufikiria muda ukiwa wima, sisi wengine tunaufikiria umelala. Kuna utafiti.

HosteliNamba6

Upo, wa Lera Boroditsky, 2001. Lakini 2007 wengine wakarudia majaribio yale na matokeo hawakuyapata, na mmoja wao akaonyesha kwamba Wachina hata kwenye maandishi wanatumia mbele na nyuma zaidi kuliko juu na chini. Mjadala wake mrefu. Mimi ninachojua roommate wangu Mchina ukimuuliza muda umekaaje anakuuliza umekula?

MzeeWaKilindini

Wanangu, nimesoma yote. Mnawashangaa Wachina bure.

Mtu akifa tunasemaje? Ametangulia mbele ya haki. Wazee wetu ni waliotutangulia. Aliyekuwa kwenye kiti kabla yako ni mtangulizi wako. Sasa mwenye kutangulia anakuwa mbele au nyuma? Yuko mbele, wewe unamfuata kwa nyuma, na wajukuu wako nyuma yako zaidi. Hapo tumesema kama Mchina kabisa. Halafu tukigeuka tunasema siku za nyuma kulikuwa na adabu, huko mbele sijui itakuwaje, na waliotangulia wameshahamia nyuma. Sisi tunayo yote mawili ila hatujisikii tukisema.

Nilifanya kazi bandarini miaka mingi, nilikuwa nikipanga malori. Panga siku kama foleni ya malori. Lori la kwanza kwenye foleni ndilo la mbele, na ndilo linaloondoka mwanzo. Juzi ilishapita getini, keshokutwa ipo nyuma inangoja. Huyo ndiye Mchina na qiantian yake. Ukimwambia dereva wa lori la tano sogea mbele, ataondoka mapema, si ataondoka kuchelewa. Bwana MzigoUkoNjiani, wewe ulisikia "mbele" ukiwa umekaa kwenye lori unatazama barabara, yule binti wa godauni alisema akiwa amesimama pembeni anatazama foleni.

Na mkitaka muda na mahali kuchanganyika tazameni Kiswahili chenu. Sina nafasi: ya kukaa, au ya kuja kukuona? Alipofika, ni saa aliyofika au ni pahali alipofikia? Hapo zamani, hapo mlangoni. Neno ni hilo hilo.

HosteliNamba6

Shikamoo mzee wangu. Umenimaliza na hayo malori. Hiyo nafasi yako nao wanayo, muda wanaita shijian, anga au uwazi wanaita kongjian, na hiyo jian ya mwisho ni moja, maana yake kama upenyo wa katikati. Ukiitazama inavyoandikwa, 间, ni mlango na ndani yake jua, mwanga unapita kwenye ufa.

Na kwenye ya kutangulia kuna mshairi wao wa enzi ya Tang, Chen Zi'ang, alipanda mnara akajiona mpweke, akasema kwamba mbele yake hawaoni watu wa kale na nyuma yake hawaoni watakaokuja, machozi yakamtoka. Mara ya kwanza nilidhani mwalimu kakosea kutafsiri.

MzeeWaKilindini

Marahaba. Hakukosea, mtu alikuwa kwenye foleni peke yake.

Kaka_Fundi

Sasa kwa Mchina mambo yajayo hayako mbele hata kidogo?

MkalimaniWaSaiti

Yapo. Maisha ya baadaye ya mtu ni qiantu, njia ya mbele. Wakikuambia wang qian kan wanamaanisha angalia mbele achana na yaliyopita. Hapo mtu anasafiri, ile ya juzi na keshokutwa ni siku zimejipanga zenyewe. Usitafute sheria moja utaumwa kichwa, shika neno kwa neno.

BintiKitenge

Jamani na mashang je? Ma farasi, shang juu. Juu ya farasi, ndo "sasa hivi". Kila muuza duka yuko juu ya farasi.

MzigoUkoNjiani

Dada usinikumbushe. Lile kontena la pili nilivyouliza linaondoka lini nilijibiwa mashang. Siku ya tatu nikauliza tena, mashang. Siku ya tano nikamwambia yule dada naomba ushuke kwenye farasi uniambie ji hao, tarehe ngapi. Akacheka mpaka akakaa juu ya robota langu, akachukua kalamu ya kuandikia maboksi, akaandika 26 kwenye kiganja changu.

Likaondoka 27, lakini angalau ile tofauti niliielewa.