Mdzihana au mbegu ya duka kwa eka 2 za Magarini? Mvua ya mwaka haieleweki

mchanga_mwekundu
Hamjambo wanajamvi. Shamba ni eka 2 upande wa Magarini, kaskazini ya mto Sabaki, udongo ni ule mchanga mwekundu. Pampu hakuna. Nategemea mvua ya mwaka (masika) peke yake, vuli siihesabu. Nyumbani kuna debe moja la Mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji ya kurithi. Duka la pembejeo lina mahindi ya haibridi, DH04 na PH4, na muuzaji asema DH04 "haijui jua". Wazee nao wasema mahindi ya duka hutobolewa na wadudu kabla hayajafika darini.
Ipi inastahimili ukame kikweli? Zaweza kukaa shamba moja? Na kuna alonitajia ngano ya ukame, je, huku yafaa?

mkono_wa_kusi
Nianze na ngano tuimalize. Haifai. Watafiti wa Njoro wametoa ngano za maeneo makavu, kama Duma na Ngamia, ila ukavu huo ni wa bara ya juu, ambako usiku kuna baridi. Ngano hujaza punje vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25. Malindi hata usiku ni nadra kushuka chini ya 20. Suke huiva mbio punje hazijajaa, ukavuna makapi. Mmea kuvumilia kiu ni jambo moja, kuvumilia joto ni jambo jingine.

Sasa mahindi. Neno "haijui jua" halina maana mpaka useme jua la wiki gani. Mahindi yakiwa magotini yanaweza kukosa maji wiki mbili, majani yakajikunja mchana na kufunguka usiku, na mvua ikirudi hasara si kubwa. Wiki mbili hizo hizo zikiangukia wakati wa kuchanua, mavuno yamekwenda. Kiu haicheleweshi sana mbelewele (ua dume la kileleni), huchelewesha ndevu. Mbelewele humwaga unga wake (chavua) kwa wiki moja hivi. Ndevu zikitoka baada ya hapo zakuta unga ushapeperushwa, na hindi latoka gunzi tupu lenye punje chache kitakoni, maana ndevu za kitakoni ndizo hutangulia kutoka.

Watafiti wanaochagua mbegu za ukame, kama kule Kiboko, Makueni, huyanyima mahindi maji makusudi wakati huo wa kuchanua, wakabakisha yale ambayo ndevu zake hazicheleweshwi na kiu. Huko ndiko kustahimili. Mbegu ya Katumani ya miaka ya 1960 ilifanya jingine: ilichanua mapema, ikamaliza kazi mvua ingalipo. Huko ni kukwepa. Mfuko wa dukani huziita zote "za ukame".

Kipimo hakihitaji maabara. Funga uzi kwenye mimea 20 ya katikati ya shamba. Andika siku ambayo mimea 10 imeanza kumwaga unga, halafu siku ambayo mimea 10 imetoa ndevu. Pengo la siku 2 au 3, mbegu yako iko sawa. Likipita 7 mwaka wa jua, mbegu hiyo haistahimili, iwe ya babu au ya duka.

BiKunde
Niongeze kwa hao wa duka. Za Pwani zenyewe ni Coast Composite ya 1974, kisha PH1 ya 1989 na PH4 ya 1995. Coast Composite huchukua miezi 4 hadi 5, hiyo mchangani kwako isahau. PH4 ni miezi 3 hadi 4. DH04 huwahi zaidi, lakini mbegu inayowahi ina bei yake: mwaka wa mvua nzuri huvuna kidogo kuliko PH4, kwa sababu mmea ulifunga hesabu mapema.

Mdzihana sitaki kuisemea. Mbegu za kienyeji hutofautiana nyumba hadi nyumba, kwa kuwa kila nyumba imechagua yake kwa miaka. Hesabu siku za hiyo yenu, usihesabu za jirani.

jembe_la_mpini
Watu wanagombana na mbegu, na tatizo liko kwenye kupanda. Mchanga hauweki maji. Mvua ya milimita 20 hulowesha sentimita 20 hivi tu, na jua la siku nne lashaichukua. Mvua ya kwanza ya mwishoni mwa Machi huwadanganya wengi: mbegu yaota, mvua yakatika siku kumi, miche yafa, kisha mbegu yaitwa mbaya.

Chimba kwa jembe. Unyevu ukifika sentimita 30, panda siku hiyo hiyo. Ukipendelea kupanda udongo ungali mkavu, fukia sentimita 6 au 7 ili manyunyu yasiiamshe mbegu.

Nafasi: mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo 30, punje moja moja. Hiyo ni mimea kama 15,000 kwa eka. Karatasi ya mfuko husema 75 kwa 30, karibu 18,000, na hiyo ni hesabu ya mahali penye mvua. Mimea 3,000 ya ziada mchangani ni vinywa 3,000 vya ziada.

Samadi ya mbuzi iliyooza, konzi mbili kila shimo. Ukitumia mbolea ya kupandia ya DAP, kifuniko kimoja cha soda, ufunike kwa udongo vidole viwili kabla ya kutia mbegu. Ikigusana na mbegu kwenye mchanga mkavu huichoma, na hutaona kitu kikiota. Mbolea ya kukuzia ya CAN tia mahindi yakiwa magotini na udongo ukiwa umelowa, vinginevyo iache gunini.

mchanga_mwekundu
Ahsanteni. Nimeelekea kugawa: eka moja Mdzihana, eka moja DH04. Lakini sitaki mbegu ya nyumbani iharibike. Na debe lenyewe ni la mwaka juzi.

mkono_wa_kusi
Debe kwanza. Hesabu punje 100 bila kuchagua, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini siku 7. Zikiota 85 na zaidi, panda moja moja. Zikiota 60 au 70, tia mbili kila shimo na upunguze baadaye. Chini ya 50, peleka mashineni.

Kuchanganyika: unga wa mahindi husafiri na upepo. Kinga ya kitabuni ni mita 200 au zaidi kati ya mbegu mbili, na eka 2 hazina urefu huo. Njia ya pili ni kupishanisha kupanda kwa wiki 3, lakini itakayochelewa itachanua mvua imekwisha, kwa hiyo hapana. Tumia upepo wenyewe. Msimu wa mwaka ni wa kusi, upepo utokao kusini. Weka Mdzihana upande wa kusini, DH04 kaskazini, na mbegu ya mwakani uitoe nusu ya kusini ya Mdzihana, ukiacha mistari mitano ya ukingoni. Haitakuwa safi moja kwa moja. Na kama jirani wa kusini amepanda haibridi, mpango huu umevunjika, mwulize kabla.

Chagua mimea ingali imesimama, si mahindi darini. Darini unaona hindi kubwa tu. Hujui lilitoka kwenye mmea uliobaki peke yake shimoni ukanywa maji yote. Chukua mahindi 150 hivi kutoka mimea iliyokuwa na wenzake pande zote. Ukichukua 10 mazuri kila mwaka, mbegu hudhoofika.

DH04 uliyovuna usiirudishe shambani kuwa mbegu. Msimu wa pili hutoka mirefu na mifupi, ya kuwahi na ya kuchelewa.

BiKunde
Kuhusu kutobolewa, wazee hawakukosea. Hindi la kienyeji kwa kawaida maganda yake hufunga mpaka nchani na punje ni ngumu, ndiyo maana hukaa na maganda juu ya moshi wa lutsaga, dari la kuhifadhia mahindi juu ya jiko. Mengi ya duka huacha ncha wazi, na fukusi (mdudu wa nafaka) huanza shambani. Hayo yavune mapema, yapukuchue, yaanike, kisha tia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Dumuzi, mdudu mwingine wa nafaka, lakini haogopi maganda, na Mdzihana ataila pia.

Kupima ukavu: chupa kavu, punje robo yake, kijiko cha chumvi, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kioo, rudisha juani.

jembe_la_mpini
Chumvi hiyo uikaange kwanza, Bi. Kwa hewa ya Malindi chumvi ya jikoni ishalowa yenyewe, itashika kioo hata ukiweka kokoto.