Kunvald: kwa nini Umoja wa Ndugu ulianzia katika kijiji cha milimani?

Mwana wa Rungwe ameuliza:
Wapendwa, salamu. Nimelelewa katika Kanisa la Moravian hapa Rungwe, na kila tunapofundishwa historia tunaambiwa kwamba kanisa letu, likiitwa Umoja wa Ndugu, lilianza mwaka 1457 katika kijiji cha Kunvald, kisha somo linarukia Herrnhut, Ujerumani, na wamisionari waliofika kwetu mwaka 1891. Naomba mwenye kufahamu anieleze Kunvald ni mahali pa namna gani, na ni kitu gani kiliwatoa watu Praha, mji mkuu wa Ucheki, wakaenda kuishi huko. Je, kijiji hicho kipo Moravia, kama jina letu linavyodokeza?

Mkazi wa Ucheki amejibu:
Ndugu yangu, Kunvald haipo Moravia. Ipo mashariki mwa Bohemia, eneo la Ucheki lililo magharibi ya Moravia, karibu na mji mdogo wa Žamberk, si mbali na mpaka wa Poland, kwenye vilima vilivyo chini ya milima ya Orlické. Kilele kirefu cha milima hiyo, Velká Deštná, kina mita zipatazo 1,116 tu, hivyo mtu aliyezoea kuutazama Mlima Rungwe ataviona ni vilima. Lakini majira ya baridi huko ni makali na theluji hukaa muda mrefu. Wakazi ni takribani elfu moja. Nyumba hazikusongamana mahali pamoja, bali zimefuatana kando ya kijito, na mashamba yanapanda kutoka bondeni kuelekea msituni. Zile za zamani zimejengwa kwa magogo meusi yaliyolazwa moja juu ya jingine, na nafasi kati ya gogo na gogo imezibwa ikapakwa chokaa, hata ukiutazama ukuta kwa mbali unaona mistari myeusi na myeupe. Mojawapo, iitwayo Na Sboru, imehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya Ndugu.

Mwalimu wa Historia amejibu:
Nami niongeze kuhusu sababu, maana hapo ndipo wengi tunapokosea kwa kudhani kwamba Ndugu walikimbilia porini tu. Baada ya Jan Hus, mhubiri wa Praha aliyedai kanisa litengenezwe, kuchomwa moto mwaka 1415, Bohemia ilipigana vita vya dini kwa miaka mingi. Kundi la Řehoř, mwanzilishi wa Ndugu na mpwa wa Jan Rokycana, kiongozi wa kanisa la wafuasi wa Hus, lilivutwa na mafundisho ya mwandishi Petr Chelčický, kwamba Mkristo hashiki upanga wala haapi kiapo, likatafuta mahali pa kuyaishi mafundisho hayo. Kunvald ilikuwa ndani ya milki ya Litice, mali ya Jiří wa Poděbrady, ambaye mwaka 1458 alitawazwa kuwa mfalme, na Rokycana ndiye aliyewaombea ruhusa kwake. Hata padri Michal wa Žamberk, mji wa jirani, aliungana nao. Hata hivyo ulinzi huo haukudumu: mwaka 1461 Řehoř alikamatwa Praha akateswa.

Jambo linalonigusa zaidi ni la mwaka 1467, walipokutana Lhotka, karibu na Rychnov, kuchagua makuhani wao wenyewe. Waliandaa vikaratasi kumi na viwili, vitatu vikiwa vimeandikwa neno la Kicheki lenye maana ya «ndiye», na tisa vikiwa vitupu. Wanaume tisa walipewa kimoja kimoja, kwa hiyo ingewezekana kabisa asipatikane hata mmoja. Lakini vyote vitatu vilitoka, na mmoja wa waliovipata alikuwa kijana Matěj, mwenyeji wa Kunvald.

Mwana wa Rungwe ameandika:
Nashukuru sana, Mwalimu. Sasa hilo jina la Moravian tulilipataje, ikiwa mwanzo wetu ni Bohemia?

Mwalimu wa Historia amejibu:
Tulilipata kwa wakimbizi wa baadaye. Mwaka 1627 mfalme aliamuru kwamba mtu wa ukoo wa kikabaila asiyekubali Ukatoliki aondoke Bohemia. Mwaka uliofuata Jan Amos Komenský, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Ndugu, alivuka kwenda Leszno, Poland, na waliobaki walishika imani yao kwa siri. Waliojenga Herrnhut, Ujerumani, kuanzia Juni 1722, ambapo seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza, walitoka katika vijiji vya Moravia, na majirani wakawaita kwa jina la walikotoka.