Nimelipishwa mara tatu kwa kosa moja: mafundi wa baiskeli wa Mombasa, pimeni cheni kabla ya kutuuzia vipuri

Wenzangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika muda wa wiki tano nimelipa shilingi 3,300 kwenye karakana moja ya baiskeli hapa kisiwani, kwa tatizo ambalo lingetambuliwa kwa rula ya mtoto wa shule na dakika mbili za subira. Jina la karakana hiyo sitalitaja, kwa kuwa nimekwisha kusikia visa kama hiki kutoka kwa waendesha baiskeli wa Likoni, wa Changamwe na wa Kisauni, na ningependa tuzungumze juu ya desturi yenyewe kuliko mtu mmoja.

Naishi Mtopanga na kazi yangu iko mjini. Kila siku napita Kongowea na Daraja la Nyali, kwenda na kurudi, kwa baiskeli ya mtumba yenye gia saba nyuma na tatu mbele. Mwezi uliopita cheni ilianza kulia na gia zikawa nzito kubadilika, nikaipeleka kwa fundi. Aliiinua cheni kwa kidole, akatazama kutu iliyokuwa juu yake, akasema, "Ami, hii imekwisha, tuweke mpya." Hakupima kitu, wala hakuyatazama meno ya gia za nyuma. Nikalipa shilingi 750 za cheni na 200 za kazi, nikashukuru, nikaondoka.

Jioni ile ile, nikipanda mwinuko wa daraja nikiwa nimesimama juu ya pedeli, cheni iliruka. Mguu wa kulia ulishuka ghafla bila kukuta uzito wowote, pedeli ikanichana ugoko, na baiskeli ikayumba kuelekea katikati ya barabara huku lori likiwa nyuma yangu. Dereva alikuwa mwangalifu, namshukuru Mungu na yeye pia. Anayefikiri kwamba cheni inayoruka ni usumbufu mdogo tu hajawahi kurukiwa na cheni mahali pale saa kumi na mbili jioni.

Nilirudi. Fundi akasema cheni ilikuwa ndefu mno, akatoa pingili mbili, akakaza waya wa gia, akachukua shilingi 300. Cheni ikaendelea kuruka. Nilipokwenda mara ya tatu akaniambia kwamba kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine kimelegea springi, akaniwekea kipya kwa shilingi 1,600, waya mpya kwa 150, na kazi 300. Cheni ikaruka siku hiyo hiyo, kwenye gia zile zile.

Maneno hayo, "kwenye gia zile zile", nilimwambia mara zote mbili, naye hakuyapa uzito, ilhali ndiyo yaliyobeba jibu. Kama waya wa gia ungekuwa umelegea, cheni ingebabaika na kutaka kuhamia gia ya jirani, hata nisipokanyaga kwa nguvu. Kama pingili moja ingekuwa ngumu, cheni ingeshtuka kwa mpangilio maalumu, kila pingili hiyo inapopita nyuma. Kwa cheni ya pingili 110 na gia ya mbele yenye meno 42, hiyo ni mara moja katika kila mizunguko miwili na nusu hivi ya pedeli. Kama vikucha vilivyomo ndani ya friwili, yaani lile fungu la gia za nyuma, vingekuwa vimeisha, pedeli zingezunguka bure katika gia zote saba. Yangu iliruka kwenye gia mbili tu, zile ndogo ninazozitumia kila siku, tena nilipokanyaga kwa nguvu peke yake, na katika gia kubwa ambazo nazigusa mara chache ilikwenda vizuri kabisa. Mtu anayejiita fundi akiambiwa hivyo anapaswa kuinama ayatazame meno ya gia hizo mbili kabla hajafungua droo ya vipuri.

Kinachotokea si fumbo. Cheni ya baiskeli hutengenezwa kwa kipimo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, kutoka pini moja hadi nyingine. Tunasema cheni "imevutika", lakini chuma chake hakivutiki kama mpira. Ni pini na matundu yake vinavyosagika kidogo kidogo, na kila kiungo kikiongeza ulegevu mdogo, cheni nzima hurefuka. Cheni iliyorefuka hukaa juu zaidi kwenye jino na kulila upande mmoja, hadi gia na cheni vinazoeana katika uchakavu wao. Ndiyo maana baiskeli yangu haikuwa ikiruka kabla ya kwenda kwa fundi. Ukiweka cheni mpya yenye nusu inchi kamili juu ya meno yaliyokwisha kulika, roli zake, yaani vile vigurudumu vidogo vinavyozunguka pini, hazikai katika mabonde ya meno, na ukikanyaga kwa nguvu zinapanda mgongo wa jino na kuruka. Gia ndogo huathirika kwanza kwa sababu meno yanayoshika cheni kwa wakati mmoja ni machache, na kila jino hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kuhusu kutu, naomba nieleweke. Hapa pwani upepo wa chumvi unaweza kuipaka cheni kutu kwa nje katika usiku mmoja wa mvua, na ndani bado ikawa nzima. Kinyume chake pia ni kweli: cheni inaweza kung'aa kwa mafuta ilhali pini zake zimekwisha. Mafuta yenyewe ni shauri jingine, maana karakana nyingi humimina oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, ambayo hushika mchanga wetu na kugeuka msasa unaotembea ndani ya kila kiungo. Jicho halitoshi kuamua. Rula inatosha.

Safari ya nne nilikwenda kudai cheni yangu ya zamani. Fundi alisema ilikwisha kutupwa. Kijana anayejifunza kazi pale, ambaye nampongeza kwa uungwana wake, aliitoa kwenye debe la vyuma chakavu, nikaenda nayo nyumbani, nikaitundika msumarini na kuipima. Pingili 24 za cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni, na kwa kawaida friwili itakuwa bado salama. Ikizidi kwa 1/8 ya inchi, milimita tatu na kitu, friwili nayo imekwisha kuliwa. Yangu ilifika milimita 309. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, kabla sijatoa hata shilingi, ilikuwa inajulikana kwamba cheni mpya peke yake haitakaa, na kwamba nilipaswa kuambiwa, "Ami, hapa utabadilisha vyote viwili, au uendelee na vya zamani hadi upate pesa." Ningechagua mwenyewe.

Niliyemalizia kwake ni mzee mmoja wa Kongowea anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Alishika breki ya nyuma, akakanyaga pedeli kwa mkono, akaniita nitazame cheni ikipanda juu ya meno. Kisha akanionyesha meno yenyewe, yamelala upande mmoja na kuchongoka kama pezi la papa. Gia ya mbele akaikagua pia, akasema iachwe, bado nzima. Ana meno mengi yanayogawana kazi, alisema, huyu hafi haraka. Friwili aliifungua kwa kifaa chake maalumu kinachoingia katika meno ya ndani, akikizungusha kinyume cha saa kwa spana kubwa. Nalitaja hilo kwa sababu nimeona kwa macho yangu, kwenye karakana ile ya kwanza, friwili ya mteja mwingine ikifunguliwa kwa tindo na nyundo.

Friwili ilikuwa shilingi 900 na kazi 200. Nikalazimika kununua tena cheni kwa 750, kwani ile niliyouziwa ilikuwa imepunguzwa pingili mbili bila sababu, na nikiiweka gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma ilikazika hadi kile kifaa kipya kikataka kung'oka. Jumla ni shilingi 1,850, na tangu siku hiyo cheni haijaruka hata mara moja.

Kukosea si dhambi ya fundi. Kinachonikera ni kwamba kila kosa lilikuwa na bei na bei hiyo ililipwa na mimi, na kwamba kipuri kizima kilitolewa kwenye baiskeli yangu kwa kubahatisha na hakikurudishwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Hakisemi kwamba mwenye gari ndiye mtumiaji na mwenye baiskeli si mtu. Muuza madafu na msambaza mikate wanaotegemea baiskeli kwa riziki yao wakipoteza shilingi 3,300 wamepoteza kazi ya siku kadhaa.

Kwa hiyo nataka tupimiwe cheni mbele ya macho yetu, tuambiwe mapema kama friwili itafuata, na tukabidhiwe kila kipuri kinachotolewa, hata kikiwa kibovu. Karakana ile naidai shilingi 2,350, yaani malipo ya safari ya pili na ya tatu, pamoja na kile kifaa changu cha zamani ambacho hakikuwa na ubovu wowote. Jumamosi asubuhi nitakwenda pale na cheni ya zamani, friwili iliyolika na rula, nami nitaandika hapa hapa nitakachojibiwa. Waliopatwa na jambo kama hili, tafadhali waeleze walitoa kiasi gani, waliambiwa tatizo ni nini, na kama kuna aliyewahi kurudishiwa fedha zake.