Kuuza kiwanja Buswelu kwa niaba ya mama: barua ya mtendaji, hati ya uwakilishi ya jumla au hati ya uwakilishi maalumu?

Bugarika_Juu: Wakuu, kiwanja kiko Buswelu, hati miliki ina jina la mama. Mama yuko Nansio na hawezi kusafiri. Mnunuzi yupo. Kati ya hizo tatu, ipi itapita ofisi ya ardhi bila kurudishwa?

Kamanga_Feri: Barua ya mtendaji iondoe kabisa. Inamtambulisha mtu, haimpi mamlaka ya kuuza ardhi iliyosajiliwa. Hati ya uwakilishi (ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako) ya jumla inafaa kukusanya kodi ya nyumba na kufuatilia bili. Maneno kama "kusimamia mali zangu zote" yanazua ubishi, kwa kuwa kusimamia si kuuza. Chukua maalumu. Itaje namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati miliki, halafu mamlaka yenyewe: kuuza, kusaini mkataba pamoja na fomu za ardhi za uhamisho namba 29, 30 na 35, na kupokea fedha. Hilo la fedha likisahaulika, mnunuzi makini atang'ang'ania kumlipa mama mwenyewe, na ana haki.

Sheria_Ziwani: Naongeza upande wa saini, maana nyingi hukwama hapo. Mama asaini ana kwa ana mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Karatasi iliyosainiwa Ukerewe kisha ikavushwa na feri kugongwa muhuri mjini haijashuhudiwa, hata muhuri uwe mzuri vipi. Kwa hiyo wakili avuke. Sehemu ya ushuhuda iwe na jina lake, tarehe na mahali, na mahali paandikwe Nansio hata kama ofisi yake iko Mwanza. Iseme pia kama anamfahamu mama binafsi, au ametambulishwa kwake na mtu fulani ambaye yeye anamfahamu binafsi. Violezo vingi huacha nafasi zote mbili, na watu husaini bila kukata isiyohusika. Kama mama hasomi, aweke dole gumba, na iongezwe kwamba amesomewa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kikerewe kikiwemo. Wakili mwenyewe mhakiki kwenye e-Wakili ya Mahakama kabla hujamlipa nauli.

Bugarika_Juu: Asante mkuu. Jina la NIDA na la hati miliki yanapishana herufi moja.

Sheria_Ziwani: Andaeni kiapo cha majina, cha kueleza kwamba yote mawili ni ya mtu mmoja, siku hiyohiyo. Kwenye hati ya uwakilishi litangulie jina la hati miliki, kisha "anayefahamika pia kama" na la NIDA.

Dada_Kirumba: Tengenezeni nakala halisi tatu, zote zenye picha na saini za mama na zako: ya Msajili wa Hati, ya mnunuzi, na yako. Ushuru wa stempu ulipwe TRA ndani ya siku 30. Bila huo mahakama haiipokei kama ushahidi mpaka ulipe na adhabu juu. Kisha isajiliwe kwa Msajili kabla fomu za uhamisho hazijapelekwa. Na baba akiwa hai, ridhaa yake ya mwenza ni karatasi nyingine. Saini ya mama haimfungi yeye.

Kamanga_Feri: Usijiuzie mwenyewe wala mkeo bila mama kukubali kwa maandishi, anaweza kuyakana mauzo. Na akifariki kabla ya uhamisho, Mungu apishe mbali, mamlaka yako yanakoma papo hapo. Hapo anahitajika msimamizi wa mirathi.