Udongo wa ndoo na viroba uliochoka: niumwage au niuhuishe?

BustaniUyole (Mbeya)
Habari zenu ndugu zangu. Ninalima sukuma wiki, spinachi na pilipili hoho kwenye ndoo za lita 20 na viroba, bila mbolea za viwandani. Nilichanganya udongo mweusi wa Tukuyu, samadi ya ng'ombe na maranda mabichi ya paini kwa kiasi sawa. Sasa udongo umeshuka sana, maji yanatuama juu, majani ya chini ya sukuma wiki yanakuwa ya manjano, na ya pilipili yana rangi ya zambarau. Majirani wananishauri niumwage, lakini mimi naamini udongo wenye viumbe hai hautupwi ovyo. Niongeze nini, na kwa utaratibu upi?

MbojiIringa
Dada, usiumwage. Umanjano unaoanzia majani ya chini kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa naitrojeni, na hapo nayashuku zaidi maranda: yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo sana, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni ya udongo kabla mizizi haijaifikia. Maranda hukaa kwanza kwenye lundo la mboji pamoja na samadi na majani mabichi, kama ya alizeti pori inayoota kando ya barabara, hadi yawe meusi na yasiwe na harufu ya mbao.

Tatizo la pili ni hewa. Vunjavunja madonge ya udongo wa zamani, acha mizizi laini iozee humo, kisha kwa kila ndoo mbili za udongo huo ongeza ndoo moja ya mboji iliyoiva na ndoo moja ya kitu kisichooza upesi. Maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa makaa, si majivu, yanafaa. Yaloweke kwanza katika maji ya samadi ili yasifyonze virutubisho vya mimea. Ukipata changarawe nyepesi ya volkano ni bora zaidi, kwa sababu haishuki kabisa. Mchanganyiko uwe na unyevu wa kutosha kiasi kwamba ukiukamua mkononi hutoa tone moja au mawili tu, kisha ufunike na uuache wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda.

Mnyakyusa_Rungwe
Naongezea kuhusu ile zambarau, ambayo mara nyingi ni dalili ya kukosa fosforasi, kwa sababu udongo wetu huu wa volkano, pamoja na uzuri wake wote, una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu hata mmea ukaikosa ilhali imo. Njia ninayoiamini ni kupitishia fosforasi kwenye mboji: nyunyiza unga wa mifupa au wa mwamba wa fosfeti (wenye fosforasi) unaochimbwa Minjingu kwenye lundo linapooza, badala ya kuuweka moja kwa moja kwenye ndoo. Dukani hakikisha ni unga mtupu wa mwamba, kwani ipo pia mbolea ya Minjingu iliyoongezwa naitrojeni ya kiwandani. Hata hivyo, baridi ya Juni na Julai nayo huleta zambarau, maana mizizi hushindwa kufyonza fosforasi na vijidudu hupunguza kazi. Inua ndoo kutoka kwenye sakafu ya saruji, zielekeze penye jua la asubuhi, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo.

BustaniUyole (Mbeya)
Nashukuru sana. Je, majivu ya jikoni niyachanganye na samadi hiyo?

MbojiIringa
Hapana, dada, usiyachanganye na samadi mbichi, kwa kuwa majivu huifanya naitrojeni yake iruke hewani kama amonia. Hiyo harufu kali utaisikia mwenyewe. Majivu yana potasiamu na hupunguza uchachu wa udongo, lakini kwenye chombo kidogo huzidi upesi, kwa hiyo konzi moja kwa ndoo kwa msimu inatosha, tena juu ya mboji iliyokwisha kuiva. Baada ya kila mavuno, tandaza mboji unene wa vidole viwili juu ya udongo bila kuufukua. Kama unafuga minyoo ya mboji, kinyesi chao kiweke hapo hapo.