PTH ya mama imefika 1,140 na anasafishwa damu: tufanyeje?

BintiMwaloni:
Habari zenu wapendwa. Mama anasafishwa damu hapa Mwanza. Majibu ya juzi: PTH (homoni ya vitezi vya shingoni) 1,140, fosfeti (madini yatokayo kwenye chakula) juu, kalsiamu chini kidogo. Daktari kasema kuna vitezi vya shingoni vinafanya kazi kupita kiasi, kaandika alfakalsidoli (dawa ya aina ya vitamini D), turudi mwezi ujao. Foleni ya nje haikuniruhusu kuuliza zaidi. Nyonga na visigino vinamuuma, usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Vidonge vya kalsiamu anameza akienda kulala, ndivyo alivyozoea. Mjomba katoka Sengerema anashikilia kuwa ni goita, eti tumwongezee chumvi yenye madini joto. Jamani, shingo na figo wapi na wapi? Na upasuaji upo?

NesiWaZamu:
Pole dada. Si goita, na hiyo chumvi msimpe, itamwongezea kiu na maji mwilini. Vitezi hivyo huwa vinne, vimejibanza nyuma ya tezi inayotoa goita, na kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Figo zikichoka, fosfeti haitoki na vitamini D haiamshwi, kalsiamu inashuka. Vitezi vinamwaga PTH, na PTH inakwenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Ndiyo hayo maumivu ya nyonga.

Sasa hivyo vidonge. Kama ni kalsiamu kaboneti ya kushusha fosfeti, ya usiku tumbo tupu haifanyi kazi yake. Inatakiwa ikutane na fosfeti tumboni: atafune katikati ya tonge. Alfakalsidoli nayo huongeza ufyonzaji wa kalsiamu na fosfeti pia, kwa hiyo fosfeti isipobanwa mtazunguka palepale.

MzeeNyegezi:
Binti, mama ni mtu wa dagaa? Mimi nipo kwenye mashine, kilichonishinda kuacha ni hicho. Dagaa unamla na mifupa yake, fosfeti yote unameza. Na soda nyeusi aache kabisa.

BintiMwaloni:
Shikamoo mzee. Dagaa ndio biashara yake pale Kirumba, anaonja kila gunia! Sangara je?

MzeeNyegezi:
Marahaba. Mnofu mweupe, kipande cha kiganja, sawa. Protini anaihitaji, mashine inaondoa nyingine. Ila mchuzi wa mapanki uliochemka mpaka mifupa imelainika, hapana. Mpe kazi ya kuonja dagaa mtu mwingine. Atanuna, mwache anune.

NesiWaZamu:
Kuhusu upasuaji: bado mapema. Kawaida ya PTH ni kama 15 hadi 65, lakini kwa anayesafishwa damu mwongozo wa KDIGO (wataalamu wa figo wa kimataifa) unakubali mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha maabara. Msihangaike kuirudisha 65, ikishuka mno mifupa nayo italala, haijijengi upya. Yake imepita hapo, ila wanatazama mwelekeo wa vipimo kadhaa. Ikigoma kushuka ipo sinakalseti, dawa ya kutuliza hivyo vitezi; inatia kichefuchefu, na haianzishwi kalsiamu ikiwa chini. Dawa zikishindwa ndipo wanaondoa vitezi vitatu na nusu, au vyote na kupandikiza kipande mkononi. Baada ya hapo mifupa inafyonza kalsiamu kwa fujo, mgonjwa anasikia ganzi midomoni na vidoleni, hivyo anabaki wodini kwa dripu.

Kesho akienda kwenye mashine beba vidonge vyote kwenye mfuko, mwonyeshe daktari wa zamu, umwambie vinamezwa saa ngapi. Na muulize kalsiamu itarudiwa lini, maana alfakalsidoli inaweza kuipandisha kupita kiasi.